Moto Juu ya Chanzo cha Maji

Tambopamba, 9 Februari 2003

Kaka Delfín,

Ukikuta uzi mwekundu umenasa kwenye karatasi hii, usishangae. Naandikia juu ya cherehani, nguo za wacheza ngoma wa kanivali zimenizunguka pande zote. Sisi huku wazima. Rómulo analalamika mgongo, lakini mume wangu asipolalamika ndipo nitakapoita daktari. Binti yangu Nelly amepiga simu kutoka Uhispania, bado anamtunza yule bibi kizee. Anasema bibi ni mkali ila chakula hamnyimi. Nyinyi je? Mkeo Targelia amepona jino? Mahindi yameota, au mvua imeyaozesha?

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Unakumbuka nilivyozunguka nyumba kwa nyumba, mlango hadi mlango, kuwabembeleza watu wa mji huu wakubali nyongeza kwenye bili ya maji, ili pesa hiyo iende kwenu Ugshaloma, nanyi mshushe ng'ombe kutoka paramo, zile nyasi za mlimani zinazonasa ukungu ukawa maji yetu, na muache kuchoma majani. Don Fausto, yule muuza nyama ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, alinicheka mbele ya wateja wake. "Yaani Zoila, mimi nilipie ukungu?" Nikamjibu, "Ndiyo, ulipie, maana ndio unaokunywa." Walikubali kwa sababu yangu. Na maji yamekuja safi, hata yeye Fausto hana la kusema.

Lakini Klever, mlinzi wetu anayezunguka huko juu, ameona moshi kando ya ziwa. Umetoka kwenye kibanda cha Mama. Amenijia mimi kwanza kabla ya kamati, kwa kuwa mama yake ni mteja wangu.

Delfín, najua moto ule ni wa nani. Mama anauwasha ili Abel aone njia. Tangu mdogo wetu apotee kwenye ukungu akimfuata yule ng'ombe mtamba aliyetoroka, moto haujakosekana pale. Lakini mkataba unasema: hakuna mifugo, hakuna moto. Moto mmoja tu na mkataba wa kijiji kizima unavunjika. Mwambie Mama aache. Mimi hawezi kunisikiliza, unajua kwa nini.

Dada yako,
Zoila


Ugshaloma, 27 Februari 2003

Dada Zoila,

Barua yako imefika na lori la maziwa, ikinuka maziwa. Uzi nimeuona. Targelia aling'oa jino, sasa anaongea mara mbili ya zamani. Mahindi yapo. Ng'ombe huku chini wamenenepa, wanatoa maziwa kuliko walipokuwa wakila majani ya baridi kule juu. Pesa ya watu wa mjini tumenunulia mashine ya kusaga shayiri. Inapiga kelele mpaka simbilisi wote wanajificha chini ya kitanda.

Nimemwambia Mama. Nilimsomea barua yako yote, isipokuwa pale ulipomtaja. Akauliza, "Hao watu wa Tambopamba wana watoto?" Nikasema wanao. "Basi wakipotea watawazimia taa?" Akachukua poncho la Abel, lile joho lake la sufu, na mzigo wa kuni akapanda.

Bado anafanya kama zamani. Analiburuta poncho chini kando ya ziwa ili Abel alifuate, anaita, "Njoo, Abel, usibaki huko, njoo nyumbani." Kisha anakaa kibandani, moto mbele yake. Kabla ya kushuka anafunika makaa kwa bonge la udongo lenye majani, ili moto usife na usitoroke. Hajawahi kuunguza hata jani moja.

Kuhusu nyinyi wawili, mimi sitii mkono. Lakini usinitumie mimi kumwambia usichoweza kumwambia wewe. Ulimsomeshea Abel misa ya wafu kule mjini bila kumuuliza Mama. Mama anasema ulimfungia mtoto mlango akiwa bado njiani. Huo ndio ugomvi, na bili ya maji haina mahali hapo.

Mungu akulinde, na kanivali njema. Usimwagiwe maji yote tuliyokulindia.

Delfín


Tambopamba, 16 Machi 2003

Delfín,

Kanivali imepita na ninatamani isirudi. Mji mzima ulimwagiana maji, mpaka tangi likabaki matope, na aliyetukanwa ni nani? Kamati. Don Fausto mwenyewe alimwagiwa ndoo mlangoni pa bucha, mimi nikajifanya sikuona aliyemwaga. Alikuwa Rómulo, mgongo wake na yote.

Unasema bili ya maji haina mahali kwenye ugomvi wetu. Inayo sasa. Kamati imeletewa taarifa. Niliwaomba wanipe muda, wakanipa, kwa masharti: kuni zitolewe kibandani, na ziwa lizungushiwe senyenge. Watu huku wanalipa, Delfín, wengine wanaosha nguo za wenzao ili wapate kulipa. Ukienda kuwaambia kwamba pesa yao inalinda mlima ambao una moto, watasema Zoila amewauzia maneno, na watakuwa na haki.

Ile misa niliisomesha kwa sababu nilikuwa nalia kila siku na nilitaka mahali pa kuweka kilio hicho. Sikutaka kumfungia mtu mlango. Abel nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Huo ndio ukweli wangu, na Mama akitaka kuusikia, upo.

Nakutumia shali kwa ajili yake. Ni sufu nzuri, nimeipindia kingo mwenyewe. Usimwambie imetoka kwangu. Sema imetoka mnadani.

Zoila


Ugshaloma, 8 Juni 2003

Dada,

Nisamehe kukaa kimya. Njia iliporomoka baada ya Wiki Kuu na lori halikupanda mpaka juzi. Kisha kukawa na shughuli. Targelia anakusalimu. Mbwa alizaa. Shayiri imechanua vizuri.

Kibandani nimetoa kuni zote. Waambie kamati. Senyenge nayo tumeivuta kuzunguka ziwa lote, kama walivyotaka. Mama hapandi tena.

Shali imemkaa vizuri. Nilimwambia imetoka kwako, sikuweza kudanganya. Akasema nimfunike nayo. Hataivua.

Delfín


Tambopamba, 27 Julai 2003

Kaka yangu,

Barua yako ya mwezi wa sita nimeikunja nikaiweka kwenye sanduku la vifungo, na kila nikitafuta kifungo naisoma. Alikubali nimfunike. Hujui umenipa nini. Nimemwambia Rómulo, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kulalamikia.

Habari za huku ni njema. Kiangazi kimeingia na maji hayajakatika. Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tunapanga ndoo alfajiri, tukisukumana kama kuku. Sasa unafungua bomba, yanatoka. Don Fausto anatembea kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyeyabeba kutoka mlimani.

Ndiyo maana naandika haya kwa uchungu. Moshi umerudi.

Safari hii si Klever peke yake. Siku ya soko, asubuhi, hewa ilikuwa safi mpaka mlima wote ukaonekana, na watu walisimama na vikapu vyao wakinyoosha vidole. Moshi mwembamba, umesimama wima, juu ya ziwa kabisa. Mwenyekiti akanigeukia mbele za watu. "Zoila, ule nao ni ukungu tunaoulipia?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kamati imesimamisha malipo ya Ugshaloma mpaka jambo lijulikane. Kijiji kizima, Delfín. Watarudisha ng'ombe juu, nani atawalaumu? Na sisi tutarudi kwenye ndoo.

Unasema ulitoa kuni na unasema Mama hapandi. Basi ni wewe? Kama ni wewe, niambie, nitajua la kufanya. Kama ni yeye anakutoroka, mlete kwangu. Nimetoa mashine kwenye kile chumba cha mbele, nimeweka kitanda. Dirisha linatazama mlimani, ataweza kukaa pale akatazama kutwa nzima. Nitamlisha, nitamwosha, asiponisemesha nitavumilia. Mlete kabla ya mahindi kuvunwa.

Zoila


Ugshaloma, 31 Agosti 2003

Dada Zoila,

Watu wa huku wamepata habari ya malipo. Hawajanifokea, lakini nikipita wananyamaza. Jirani yangu Segundo ameuliza kwa upole kama tutarudisha mifugo juu. Nimemwambia tusubiri.

Si mimi. Naapa kwa Msalaba.

Nilipanda mara tu barua yako ilipofika. Nilikwenda peke yangu, maana hakuna aliyekubali tuongozane. Majani ya paramo yamerefuka tangu ng'ombe watoke, yananifika kiunoni, yanashika ukungu na kudondosha maji hata pasipo na mvua. Njia yetu ya zamani haionekani tena. Mpaka kwenye mlango wa kibanda majani yalikuwa na umande ulioganda, meupe, hayajakanyagwa na mtu wala mnyama.

Nikaingia. Majivu yalikuwa ya moto. Makaa yalikuwa yamefunikwa kwa bonge la udongo lenye majani, lililokatwa vizuri kwa mkono unaojua. Na zile nyasi za kukalia zimelala upande mmoja, karibu na mlango, pale ambapo mtu akikaa anaona ziwa.

Mimi si mwoga, unanijua. Fahali wa porini nimesimama mbele yake na kofia tu mkononi. Lakini siku hiyo nilishuka bila kugeuka nyuma, na nilipofika nyumbani Targelia alinivua viatu kama mtoto.

Mama siwezi kumleta. Usiandae chumba. Na usije huku, dada, nakuomba. Hali ikitulia nitakuandikia.

Delfín


Tambopamba, 5 Oktoba 2003

Delfín,

Leo sina salamu ndefu.

Jana nilimpa dereva wa lori la maziwa kifurushi cha Mama: soksi, unga wa shayiri wa kukaanga na sukari, vile anavyopenda kuchanganya. Nikamwambia, "Umkabidhi mwenyewe mkononi." Alivua kofia. Mtu ambaye hata mbele ya padri haivui, alivua kofia akaishika kifuani, akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, akapanda lori na kuondoka.

Nilirudi ndani nikafungua sanduku la vifungo. Nikaisoma tena barua yako. Mama hapandi tena. Nimfunike nayo. Hataivua.

Niandikie kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayemwambia mtu.

Zoila


Ugshaloma, 19 Oktoba 2003

Dada yangu,

Mama alifariki Wiki Kuu.

Alhamisi alipanda na kuni kama kawaida yake. Jioni ukungu ulishuka mzito na hakurudi. Nilikwenda na Segundo na farasi, tukawa tunaita. Si Abel tena, tulikuwa tunamwita yeye. Tulimkuta kibandani amekaa karibu na mlango, moto umepungua, miguu yake baridi kama mawe ya mtoni. Alikuwa na akili zake zote. Tulimshusha juu ya farasi. Shali ilikuwa imefika siku chache kabla na nilikuwa bado sijampa, nikifikiria uongo wa mnadani. Nikampa usiku ule, nikamwambia imetoka wapi. Mengine nilikuandikia, na hayakuwa uongo.

Kabla hakujapambazuka alinishika mkono. "Zoila asijue," akasema. Nikasema, Mama, ni mwanao. Akasema, "Ndiyo maana. Ananipenda, atanisomeshea misa. Nami nikisomewa misa nitapelekwa mbinguni, na mtoto akirudi atakuta pamezimwa." Kisha akasema kitu kingine, nacho nakuandikia kwa sababu ni chako: "Mwambie shali ina joto." Nilipaswa kukuambia kwamba alisema hivyo, lakini ningekuambiaje hili bila kukuambia lile?

Tulimzika makaburini, kando ya Baba, bila padri na bila misa. Katekista alitaka kusoma sala, nikamwomba asisome. Nimemzika mama yangu kama mtu anayeficha kitu, dada. Kijiji kizima kilijua na kilinyamaza kwa kuwa nilikiomba, mpaka dereva. Wao wamepoteza malipo yao kwa siri yetu na hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenu kusema.

Sasa unajua kwa nini siwezi kuiambia kamati ni nani anayewasha. Niseme nini? Mwezi wa nane nilifikiri nimechanganyikiwa. Nimeezua nyasi za paa la kibanda, nimezitawanya. Wiki iliyofuata moshi ukapanda palepale.

Fanya unavyoona. Kama ni misa, ni misa. Pengine itauzima moto, malipo yatarudi, na watu watakula. Mimi nimechoka kuwa katikati ya wanawake wawili, mmoja hai na mmoja vile alivyo. Wewe ndiye mkubwa.

Kifurushi kimefika. Soksi nimempelekea.

Delfín


Tambopamba, 9 Novemba 2003

Kaka yangu Delfín,

Natumai barua hii itakukuta na afya na Targelia pia, na jamaa wote wa Ugshaloma, mmoja mmoja, maana kila mmoja ninamdai na kila mmoja ananidai sasa. Rómulo anakupa pole. Alilia kuliko mimi. Nilimpigia Nelly, naye alilia, na kwa mbali nikasikia yule bibi kizee mkali akimuuliza kwa nini analia. Kisha wakawa wanalia wote wawili.

Nilikukasirikia. Nisikufiche. Siku tatu sikugusa cherehani. Nilitamani kupanda na kukushika shingo. Miezi yote ile nilikuwa nampangia kitanda mtu aliyekwisha lala! Kisha nikafika pale aliposema shali ina joto, na hasira ikaniisha, ikabaki njaa tu ya kumwona.

Kikao cha kamati kilikuwa siku ya mwisho ya Oktoba. Sikutaka kwenda nikaenda. Ofisi ilijaa, watu wamesimama mpaka barabarani, wamekuja kulipa bili na kusikiliza umbea. Don Fausto akasema, "Tunalipa ili huko juu pasiwe na moto. Moto upo. Nani ana la kuongeza?"

Nikasimama nikawaambia. Kwamba mama yetu amefariki tangu Wiki Kuu, kwamba alimngoja nani na kwa nini, kwamba kibanda hakina paa wala kuni. Sikuongeza wala kupunguza. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

Fausto akamgeukia Klever, "Na wewe mlinzi, umefika?" Klever akasema amefika mara mbili. Akasema majivu yalikuwa ya moto na nyasi za nje hazikukanyagwa. Alisema hayo akitazama sakafu. Huyu ni kijana anayecheka hata maandamano ya Ijumaa Kuu.

Mwenyekiti akakwaruza kidevu. "Mkataba ni mkataba," akasema. "Aliyewasha moto aadhibiwe."

Hapo akasimama doña Enma, yule anayeuza uji wa zambarau karibu na soko. Mwanawe alipanda mashua kwenda Kaskazini kutafuta kazi na hadi leo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Simu ameiweka kando ya mto anapolala. Akasema, "Fausto, adhabu ya kamati ni ipi?"

"Kukatiwa maji."

"Basi panda ukamkatie."

Watu wakaanza kuguna. Fausto akafungua mdomo, doña Enma hakumpa nafasi. "Soma hapo kwenye mkataba, ni nani hawaruhusiwi kuwasha moto."

Mimi ndiye niliyesoma, maana Fausto miwani aliisahau bucha. Familia zilizotia saini hazitawasha moto. "Majina," akasema doña Enma. Nikasoma majina. Lako lipo, la Segundo lipo. La Mama halipo. Alikataa kutia kidole, unakumbuka.

"Haya," akasema yule bibi. "Waliotia saini hawajawasha. Maji yanakuja. Nani kati yenu maji yake yamenuka moshi? Mimi nalipia kopo langu la kila siku, na nikijua huko yanakotoka kuna mtu amemwashia mwanawe moto, naona bei ni ndogo." Akakaa.

Tulipiga kura kwa mikono. Sikuhesabu, nilikuwa sioni kwa machozi. Malipo yenu yamerudi pamoja na yale yaliyozuiwa, waambie watu wa kijiji. Fausto naye aliinua mkono, mwishomwisho, akisema anafanya hivyo ili mkewe asimfungie nje. Na wakaandika jambo moja: kuanzia sasa hakuna mtu atakayevuka senyenge ya ziwa, si ng'ombe, si mlinzi, si wewe. Paachwe palivyo.

Siku ya Wafu nilikwenda kanisani na mikate yangu yenye umbo la vitoto, ile ya kuwapelekea wafu. Pale mlangoni walikuwa wanaandika majina ya kusomewa misa. Nilimtaja Baba. Yule sista mwandishi anatujua, habari zilikuwa zimeshamfikia. Akaniuliza kwa huruma, "Na mama yako?"

Delfín, kalamu yake ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nilijua kwamba nikisema jina tu, mambo yangekwisha. Moto ungezimika labda, nami ningepata tena mahali pa kuweka kilio, kama mara ile. Nilitaka sana. Nilisimama pale mpaka walio nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Nikasema, "Mama yupo nyumbani. Anamngoja mgeni."

Sista alinitazama, akavuta mstari chini ya jina la Baba.

Kitanda cha chumba cha mbele sijakiondoa. Jioni ninakaa pale nikishona, natazama mlimani. Mara nyingi ni mawingu tu. Asubuhi nyingine ninauona, mwembamba, umesimama. Naogopa, kisha nafungua bomba nikanywa, na uoga unapungua kidogo.

Nitapanda Januari, barabara ikikauka. Nipeleke mpaka kwenye senyenge, hatutavuka. Nataka kumwita Abel kutoka pale, kwa sauti, kama mtu anayeweza kuitika. Sijawahi kumwita hata mara moja tangu apotee. Nataka Mama anisikie nikimwita.

Niwekee lile poncho. Usilifue.

Dada yako,
Zoila